Mzee aliyepima Mto Nile kwa miaka 62, na ploti yako ya Masii

Tuseme umeonyeshwa ploti Masii. Ni ile ya hamsini kwa mia, si mbali na barabara ya kutoka Machakos kwenda Kitui, na bei yake ni ya kutupa ukilinganisha na Joska au Kitengela. Shida ni moja tu: upande wa nyuma umepakana na mto. Lakini mto gani sasa? Unachoona ni mchanga mtupu. Mbuzi wanavuka, vijana wanapakia lori, na mtoto anachota maji kwenye kishimo alichochimba kwa kibuyu. Anayekuuzia anaapa kwamba ameishi hapo miaka 12 na hajawahi kuona maji yakifika kwenye hiyo ploti.

Na hakudanganyi. Hapo ndipo penye hatari.

Kabla hujatuma hata shilingi ya kushikilia shamba, nipe dakika kumi nikusimulie maisha ya jamaa mmoja aliyezeeka akijiuliza swali hilo hilo: ukiujua mto kwa miaka michache, je, unaujua kweli? Jina lake Harold Edwin Hurst. Wamisri walimbandika jina Abu Nil, yaani Baba wa Nile. Kama unafanya forex kwa simu, huenda umeshakutana na jina lake bila kujua, maana kuna kipimo kwenye programu za kubashiri bei kinachoitwa Hurst. Ni chake. Wanaocheza na dola leo wanatumia hesabu iliyozaliwa kwenye matope na mafuriko.

Hurst alizaliwa Januari 1, 1880, karibu na mji wa Leicester, Uingereza. Hakuwa mtoto wa tajiri. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga nyumba kijijini, na kijana alifundishwa useremala nyumbani. Alipofika miaka 15 akaacha shule.

Mimi mwenyewe niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa hivyo sehemu hii naipenda sana. Lakini nisikudanganye. Jamaa aliacha shule, hakuacha kusoma. Mchana alikuwa akisaidia kufundisha watoto kwenye shule moja mjini Leicester, jioni anaingia darasani yeye mwenyewe kama mwanafunzi. Alikwenda hivyo miaka kadhaa. Akiwa na miaka 20 akashinda ufadhili wa kwenda Oxford. Hesabu zake zilikuwa na mapengo, kwa sababu alichokuwa amesoma zaidi ni kemia, lakini alihamia fizikia na akamaliza na daraja la kwanza. Wakamweka hapo hapo kufundisha kwa miaka mitatu.

Mwaka 1906 akapata kazi Misri, ambayo wakati huo ilikuwa chini ya Waingereza. Alikwenda kwa nia ya kukaa muda mfupi. Kazi zake na Misri zikaja kuisha mwaka 1968. Piga hesabu: miaka 62.

Kazi yake ya kwanza huwezi kuamini. Alipewa jukumu la kuhakikisha saa sahihi inatoka kwenye kituo cha wanajimu hadi kwenye ngome ya Cairo, ambako mzinga ulipigwa kila siku saa sita mchana ili mji mzima urekebishe saa zao. Basi. Msomi wa Oxford, kazi yake ni kuambia mzinga ulie saa ngapi. Ila kidogo kidogo akavutwa kwenye kitu ambacho Misri nzima inategemea, yaani mto.

Hapa inabidi uielewe Misri. Nchi ile karibu haina mvua. Chakula chote, pamba yote, kodi yote ya serikali, vilitoka kwenye maji yanayoshuka kutoka Ethiopia na kutoka huku kwetu kwenye maziwa makuu. Mafuriko yakiwa makubwa kupita kiasi, vijiji vinazama. Yakiwa madogo, mashamba yanakauka na watu wanalala njaa. Kwa wastani, kila mwaka mita za ujazo bilioni 84 hivi zilikuwa zikifika Aswan. Lakini neno wastani lina ujanja wake. Mwaka 1913, Hurst akiwa tayari Misri, mto ulishuka hadi karibu nusu ya hapo. Mkulima hawezi kula wastani.

Swali la serikali lilikuwa rahisi kulitamka: tujenge bwawa la ukubwa gani ili miaka mizuri ibebe miaka mibaya?

Ili kujibu, Hurst alitaka kwanza kujua maji yanatoka wapi na yanapotelea wapi. Akaanza safari. Alipanda meli za mtoni, treni, baiskeli, baadaye gari na ndege, na sehemu nyingine alitembea kwa miguu na wapagazi Waafrika waliombebea vyombo. Alifika kwenye maziwa ya huku Afrika Mashariki. Alipita kwenye kinamasi kikubwa cha Sudd, ambacho leo kiko Sudan Kusini, na yeye na wenzake wakapima kwamba karibu nusu ya maji ya Nile Nyeupe yanayoingia pale hayatoki. Yanageuka mvuke. Matokeo ya vipimo hivyo yalianza kuchapishwa mwaka 1931 katika mfululizo wa vitabu kuhusu bonde la Nile, akishirikiana na wenzake P. Phillips, R. P. Black na Y. M. Simaika. Ni juzuu juu ya juzuu za tarakimu: kimo cha maji, kasi ya maji, mvua, joto. Kwa lugha ya leo, jamaa alikuwa anakusanya data kabla data haijawa kitu cha kujivunia.

Bahati nzuri Misri ilikuwa na hazina ambayo nchi nyingine hazina. Kwenye kisiwa cha Roda, Cairo, kuna kisima chenye nguzo iliyochongwa alama za vipimo. Maji ya mto yakipanda, unasoma alama. Rekodi za kimo cha Nile pale Roda zinaanzia mwaka 622. Zina mapengo, ndiyo, lakini fikiria: zaidi ya miaka elfu moja ya watu kushuka ngazi, kutazama alama na kuandika namba. Walikuwa na sababu ya pesa, kwa sababu kodi ya mwaka ilitegemea kimo hicho. Mafuriko na uchumi viliandikwa kwenye nguzo moja.

Hurst alipozikalia hizo namba, akaona kitu ambacho hakikupaswa kuwapo.

Nikueleze kwa bodaboda. Tuseme unaendesha pikipiki pale stage ya Masii. Kwa wastani unaingiza 800 kwa siku, na matumizi ya nyumbani ni hiyo hiyo 800. Siku nzuri unaweka akiba, siku mbaya unaila. Swali: unahitaji akiba ya kiasi gani ili usiwahi kukopa? Kama siku nzuri na mbaya zinakuja kiholela, kama kurusha sarafu, akiba ya wastani inatosha, kwa sababu baya la leo linafidiwa na zuri la kesho. Lakini kama siku mbaya zina tabia ya kuja kwa kundi, mbaya ikivuta mbaya, wiki baada ya wiki, akiba ile ile itakuacha barabarani bila mafuta. Wastani haujabadilika hata shilingi. Kilichobadilika ni mpangilio.

Bwawa ni akiba. Wahandisi wa wakati ule walidhani mto unarusha sarafu. Kwa hesabu hiyo, ukitaka bwawa la kukulinda kwa muda mrefu mara nne, unahitaji bwawa kubwa mara mbili tu. Hurst akachukua rekodi za Nile, akaona siyo mara mbili. Ni kama mara 2.7. Kwa muda wa miaka mia moja, hesabu yake inadai hifadhi kubwa kwa theluthi moja hivi kuliko ile ya sarafu. Ukiijenga kwa hesabu ya sarafu, siku moja utabaki na bwawa tupu na nchi yenye njaa.

Akashuku kwamba labda ni Nile tu. Basi akatafuta rekodi nyingine, za mito mingine, mvua, joto, kimo cha maziwa, duara za ndani ya miti zinazoonyesha mwaka wa mvua na mwaka wa ukame, hata tabaka za matope chini ya maziwa ya kale. Mamia ya rekodi, zote zikihesabiwa kwa mkono. Jibu likawa lile lile. Miaka ya maji hufuatana na miaka ya maji, miaka mikavu na mikavu, na makundi hayo hayana ratiba.

Sasa angalia alivyolithibitisha, maana hapa ndipo utakapoelewa modeli ni nini. Modeli si kitu cha kutisha. Ni mto mdogo wa kuigiza, uliotengenezwa kwa hesabu, unaouchezesha wewe kabla ule wa kweli haujakuchezea. Leo tunatumia kompyuta. Hurst alirusha sarafu kumi kwa pamoja, tena na tena, akiandika. Kisha akatengeneza karata zake, zenye namba za juu na za chini ya sufuri. Anachanganya, anakata, anaandika namba kama ndiyo mafuriko ya mwaka huo. Karata za kawaida zilitoa majibu ya sarafu. Basi akabadilisha sheria. Karata moja aliyoikata ndiyo iliamua jinsi ya kuegemeza fungu lote upande mmoja, la maji mengi au la ukame, na ndani yake akatia jokari. Anaendelea kukata karata kutoka fungu lile lililoegemea, mwaka baada ya mwaka, hadi jokari itokee. Ikitokea, vyote vinachanganywa upya na karata nyingine inaamua fungu liegemee wapi.

Mto huo wa karata ulifanana na Nile.

Tafakari hapo kidogo, msomaji wangu. Yule anayekuuzia ploti Masii ameishi miaka 12 ndani ya fungu moja la karata. Alichokiona ni kweli. Ila jokari haijatoka.

Nile yenyewe ilishaitoa mara nyingi. Kuanzia 1871 hadi 1898 mto ulikuwa na maji mengi. Kuanzia 1899 wastani ukashuka kwa karibu robo, ukabaki chini kwa miaka mingi. Aliyepanga kilimo kwa kutazama ile miaka 28 ya neema alipangia mto ambao haukuwapo tena.

Na mwaka huo 1899 unapaswa kukushtua kama wewe ni wa Ukambani. Sisi hatukuwa na nguzo ya Roda, lakini tulikuwa na majina. Kila njaa kubwa, yua, ilipewa jina lake. Ile ya mwishoni mwa miaka ya 1890 iliitwa Ngomanisye, kwa maana kwamba ilienea kila mahali. Sisemi kilichoupunguza mto wa Misri ndicho kilichotuua sisi. Nasema miaka ni ile ile, na kwamba majina ya susu zetu ni rekodi kama zilivyo namba za Cairo. Ukiyapanga kwenye karatasi utaona hayakujipanga kwa nafasi sawa sawa. Yanakuja kwa mikumbo.

Hurst alichapisha kazi yake kubwa mwaka 1951, kwenye jarida la wahandisi wa Marekani. Alikuwa na miaka 71. Umri ambao wengi wetu tunadhani mtu anapaswa kukaa chini ya mwembe. Wanahesabu walihangaika nayo miaka na miaka, kwa sababu nadharia zao zilisema mwishowe kila kitu kinarudi kwenye sarafu. Mnamo 1968 Benoit Mandelbrot na James Wallis wakaieleza upya na kuipa tabia hiyo jina la Yusufu, yule wa ndoto ya Farao ya ng'ombe saba wanono na saba waliokonda. Kipimo chenyewe kikaandikwa kwa herufi H, ya Hurst. Tangu hapo kimetumika kwenye mapigo ya moyo, msongamano wa intaneti na bei za hisa.

Lakini yeye hakuwa akitafuta sifa za hisabati. Alitaka hifadhi ya karne, yaani akiba ya maji inayoweza kubeba Misri kwa miaka mia moja ya bahati mbaya na nzuri. Yeye na wenzake walipendekeza maziwa ya huku kwetu yatumike kama matangi, maana kule jangwani jua linakunywa sana. Bwawa la Owen Falls kule Jinja, Uganda, lililofunguliwa 1954, Misri ilichangia gharama zake ili Ziwa Victoria liweze kuhifadhi maji zaidi. Lakini baada ya mapinduzi ya 1952, viongozi wapya wa Misri hawakutaka akiba yao ikae kwenye nchi za watu. Walitaka bwawa moja kubwa ndani ya mipaka yao, wazo lililokuwa likipigiwa debe na mhandisi Adrian Daninos. Bwawa Kuu la Aswan likaanza kujengwa 1960, likamalizika 1970. Waingereza wengi walikuwa wameshafunga virago, lakini Hurst alibaki kuwa mshauri, na hesabu zake za akiba ziliingia kwenye mpango huo.

Katikati ya hayo, Afrika Mashariki ikatoa jokari yake. Mwaka 1961 Ukambani ilikuwa na njaa kali hadi chakula kikaletwa kwa ndege, ndiyo maana wazee wanaiita Yua ya Ndeke. Mwishoni mwa mwaka huo huo mbingu zikafunguka. Mafuriko yakaja juu ya njaa. Ziwa Victoria, ambalo kimo chake kilikuwa kikipimwa tangu 1896, lilipanda zaidi ya mita mbili kufikia 1964, kimo ambacho hakikuwa kimeonekana katika miaka yote hiyo ya vipimo. Na halikurudi chini haraka. Lilikaa juu kwa miaka mingi. Mei 2020 likafikia tena kimo hicho na kukipita kidogo, na familia zilizokuwa zimejenga karibu na maji zikahama na magodoro kichwani. Waliojenga pale hawakuwa wajinga. Walijenga ndani ya fungu moja la karata.

Hurst alifariki Desemba 7, 1978, akiwa na miaka 98. Miaka michache baadaye mtihani wa kazi yake ukaja bila yeye. Miaka ya 1980 mvua zilikauka. Ethiopia iliona njaa ya 1984 ambayo dunia nzima iliitazama kwenye televisheni. Huku kwetu kukawa na ile inayoitwa Nikw'a Ngwete, maana yake nafa huku nimeshika: pesa ziko mkononi, dukani hakuna unga. Elewa hilo jina vizuri, kwa sababu ni somo zima la uchumi. Maji yakikosekana, au yakizidi, hayakuui lazima yenyewe. Yanapitia sokoni, kwenye bei, kwenye barabara iliyokatika. Misri nayo, kwenye mto ule ule uliopungua, iliendelea kula. Ziwa la Aswan lilishuka mwaka baada ya mwaka hadi viongozi wakaanza kutokwa jasho, kisha Agosti 1988 mafuriko makubwa yakaja, Khartoum ikazama, ziwa likaanza kujaa. Akiba ilikuwa imetosha. Kwa shida, lakini imetosha.

Ningeweza kukomea hapo tupige makofi. Lakini maisha ya mtu tuyasimulie yote.

Modeli ya mafuriko ina maswali matatu. Maji ni mengi kiasi gani? Yatafika wapi? Na huko yatakakofika anaishi nani? Kwa la kwanza, Hurst hakuwa na mpinzani. La pili alilijua kwa miguu yake. La tatu, kwenye mipango ya wakati ule, lilikuwa dogo mno. Ziwa la Aswan lilipojaa, Wanubi wapatao laki moja wa Misri na Sudan walihamishwa kutoka kwenye ardhi ya babu zao, makaburi na mitende ikabaki chini ya maji. Na ile hesabu ya maji yanayopotelea Sudd ilitia nguvu wazo la mfereji wa Jonglei, wa kuyapitisha maji pembeni ya kinamasi. Kwenye karatasi, maji yale yalikuwa yanapotea. Kwa Wadinka, Wanuer na Washiluk, yalikuwa malisho ya ng'ombe na samaki wa watoto. Mfereji ulianza kuchimbwa 1978, mwaka ule ule aliofariki Hurst. Kijana mmoja aliyeandika tasnifu yake ya udaktari mwaka 1981 kuhusu maendeleo ya eneo hilo aliitwa John Garang. Vita vilipozuka 1983, wapiganaji wake waliushambulia mradi huo, na mwaka uliofuata uchimbaji ukasimama. Mfereji haujakamilika hadi leo.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema modeli yake inaonyesha maji tu, muulize watu wako safu gani.

Sasa turudi Masii, kwenye ploti yako.

Mito ya huku kwetu si Nile. Ni mito ya mchanga, inalala miezi, inaamka kwa saa chache. Maji yake yanateremka hadi Athi, yanaitwa Galana, kisha Sabaki, na kuingia baharini karibu na Malindi. Mvua inaweza kunyesha vilimani wakati wewe umesimama kwenye jua, na ukuta wa maji ukakukuta hapo hapo. Desemba 4, 2021, basi lililobeba wanakwaya waliokuwa wakienda harusini lilisombwa na Mto Enziu kule Mwingi. Zaidi ya watu 30 walikufa, huku watu wakitazama kutoka ukingoni. Na kati ya Machi na Mei 2024 mafuriko yaliua karibu watu 300 nchini. Ndani ya kaunti hii hii ya Machakos, kule Mavoko, Mto Athi uliwafuata watu hadi vyumbani. Hesabu inayotangazwa ni ya waliokufa. Isiyotangazwa ni ya mama aliyepoteza stoki ya duka zima aliyoinunua kwa mkopo wa simu, na mkopo hausombwi na maji.

Sheria yetu inasema uache kati ya mita 6 na 30 kutoka kwenye mto, ukianzia pale maji yalipowahi kufika juu zaidi kwenye rekodi. Umeona mtego? Kila kitu kinategemea hiyo rekodi ni ya miaka mingapi. Kama ni ya miaka 12 ya muuzaji, mita zako 30 zinaanzia mahali pabaya.

Leo kuna programu za bure kwenye laptopu zinazoweza kuchora maji yatafika wapi mvua ikinyesha kiasi fulani. Kijana wa Masii aliyesoma jiografia anaweza kuzijifunza. Lakini programu inakula namba, na namba za kale ndizo adimu. Wewe unaweza kuzitafuta bila laptopu. Tembea kando ya mto kuelekea juu. Angalia kwenye miti takataka kavu zilizonasa juu ya kichwa chako, kwa sababu hazikupanda zenyewe. Angalia ukingo uliokatika kama una tabaka za mchanga na udongo, moja juu ya nyingine, kila moja ni siku ambayo maji yalipita hapo. Angalia nyumba za zamani kabisa ziko wapi. Kama boma zote za kale ziko juu mlimani na bondeni kuna mabati mapya tu, jiulize wazee walijua nini.

Kisha nenda kwa susu mwenye miaka 80 na ushei. Mpelekee sukari na majani chai. Usimwulize kama maji yaliwahi kufika, atakujibu ndiyo au hapana na mazungumzo yataisha. Mwulize kuhusu mvua ya baada ya Yua ya Ndeke, ile ya mwaka wa El Nino wa 1997, na nyingine yoyote yenye jina. Mwulize walivukia wapi, ng'ombe wa nani walipotea, nani alihama. Andika tarehe na mahali. Ukirudi mjini usifute hiyo noti kwenye simu, na ukiweza ipeleke kwa chifu au kwa maafisa wa maji wa kaunti, maana hiyo ni data.

Hurst alifanya hivyo hivyo, ila susu wake alikuwa nguzo ya mawe yenye alama za miaka elfu moja.

Baada ya hapo, kama bado unaitaka ile ploti, rudi kwa muuzaji. Sasa utakuwa na maswali mengine ya kumwuliza.